Jua Halikumpiga Mutheu

Mutheu aliingia studio Alhamisi saa nne asubuhi, akaiweka picha juu ya kaunta bila hodi wala salamu. Kwa mama wa Kangundo aliyekulia kanisani, kukosa salamu peke yake kulitosha kumjulisha Zamzam, aliyekuwa nyuma ya kaunta, kwamba mambo yameharibika.

"Niambie huyu ni nani," akasema.

Zamzam aliigeuza picha kuelekea dirishani. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama mbele ya ghala la mabati, na nyuma yake yalipangwa magunia ya kahawa. Mwanamume mnene mwenye shati jeupe alikuwa ameshika mlango wa pikapu, anacheka. Kando yake, karatasi mkononi, alisimama Mutheu.

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi. Na hapo sijawahi kukanyaga. Hiyo ni ghala ya mabroka wa kahawa, iko Kyumbi. Mimi Kyumbi naionanga kwa dirisha nikipita."

Akavuta kiti, akaketi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mrefu, viganja vigumu kwa miaka kumi na tisa ya kuinua magunia kwenye mizani ya kiwanda cha kahawa cha ushirika wao. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa mizani. Mwezi uliopita aligundua kwamba kuna mtu ameichezea mizani ile, na sasa inampunja kila mkulima kilo mbili katika kila gunia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa ushirika, Bwana Nzomo, akamweleza. Nzomo akamwambia aendelee kupima. Mutheu hakuendelea. Aliifunga mizani kwa kufuli, akatia ufunguo ndani ya blauzi, akawaambia wakulima waliokuwa kwenye foleni wapeleke kahawa yao kiwanda cha jirani mpaka mizani ikaguliwe.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, picha ikaanza kuingia kwenye simu. Chini yake pameandikwa: *Karani wenu ndiye anauza kahawa yenu.*

"Jumamosi kuna mkutano mkuu," Mutheu alisema. "Wanataka nifutwe mbele ya watu, halafu nipelekwe polisi. Nimemwambia mzee wangu, Mutunga, mimi sitoroki. Lakini nitasema nini? Picha ni picha."

"Na kwa nini umekuja kwangu?"

"Si wewe ulimweka kijana wangu Musembi kwa harusi ya dada yake, na alikuwa Qatar? Kama unajua kumweka mtu mahali hakuwa, basi unajua kumtoa."

Zamzam alitaka kucheka, lakini uso wa Mutheu haukuruhusu.

Ni kweli kazi hiyo aliifanya, tena ilimpatia jina. Studio waliachiwa na baba yao, Mzee Yasin, yeye na kaka yake Hanif. Na siku hizi ambapo kila mtu ana kamera mfukoni, riziki yao ilikuwa imebaki kwenye mambo mawili: picha za shule, alizopiga Hanif, na picha za familia zenye mtu aliyekosekana, alizotengeneza Zamzam. Wengi hudhani kazi ya namna hiyo ni kukata na kubandika. Zamzam alikwishajua tangu zamani kwamba jicho la mtu haliudhiwi na mkasi, linaudhiwa na mwanga. Ukimtoa mtu kwenye jua la Doha ukamweka ndani ya kanisa la Kangundo, hata mtoto atasema kuna kitu hakiko sawa, ingawa hatajua ni nini.

Kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Kabla ya harusi alifika mahali ambapo familia ingesimama, akaweka pale yai la kuchemsha lililomenywa, akalipiga picha. Kisha akashika upawa wa chuma, upande wa mgongo, akaupiga picha nao. Yai lilimwonyesha mwanga unatoka wapi, una ukali gani na una rangi gani. Mgongo wa upawa, kama kioo kilichovimba, ulimwonyesha kila kitu kilichozunguka mahali pale: madirisha, ukuta, mti, anga. Baada ya hapo alimpigia simu Musembi kule aliko na kumwambia asimame kivulini, dirisha liwe mkono wa kushoto, rafiki yake ampige picha. Hanif alimcheka sana. Alimwita mpishi.

"Nipe nusu saa," Zamzam alimwambia Mutheu.

Aliomba atumiwe picha ile ile kwenye simu, akaifungua kwenye kompyuta, akaikuza. Alianza na vitu ambavyo havina sababu ya kusema uongo. Bampa ya pikapu ilikuwa ya chuma cha kung'aa, na juu yake palikuwa na nukta kali nyeupe, upande wa kulia: jua. Kivuli cha yule mwanamume kilianguka kushoto, kifupi, ukingo wake umekatika kama kwa wembe. Chini ya ukingo wa kofia yake uso ulikuwa mweusi. Basi, jua liko juu, kulia, mbele kidogo, na hakuna wingu. Ilikuwa karibu na saa sita mchana.

Halafu akamgeukia Mutheu wa kwenye picha.

Shavu lililong'aa lilikuwa la upande wa kushoto wa picha. Kivuli cha chini ya kidevu hakikuwa na ukingo. Kiliyeyuka taratibu shingoni, kama vivuli vinavyofanya siku ya mawingu. Miguuni kulikuwa na kivuli kilichoelekea kushoto, sawasawa na cha yule mwanamume. Hicho kilichorwa. Aliyekichora alikumbuka kivuli cha ardhini akasahau kivuli cha uso.

"Mama, blauzi hii ni ya rangi gani?"

"Nyeupe. Ni ile ya umoja wa akina mama."

"Njoo uone."

Mutheu akaja, akainama nyuma yake. Shati la yule mwanamume lilikuwa jeupe lenye umanjano wa jua. Blauzi ya Mutheu, begani na kwenye mikono, ilikuwa na ukijani, kidogo tu, kama maji yaliyooshewa mboga.

"Hukuwa juani," Zamzam alisema polepole, kwa sababu alikuwa akifikiri na kusema kwa pamoja. "Ulikuwa chini ya kitu cha kijani, kipana, kimekufunika. Si mti, mti ungekutia madoadoa. Ni turubai. Na upande huu wa kushoto wa picha palikuwa wazi, ndipo mwanga ulipoingilia. Ulisimama wapi namna hiyo, na karatasi mkononi?"

 Midomo ya Mutheu ilihesabu miezi.

"Mwezi wa nane," akasema. "Siku ya wakulima. Walikodisha turubai ya kijani. Nilikuwa nasoma ripoti ya mizani."

"Nani alikuwa anapiga picha?"

Mutheu akajinyoosha, akamtazama Zamzam kwa mshangao wa kweli.

"Si ni ndugu yako."

* * *

Hanif alirudi baada ya adhuhuri, begi la kamera begani, anapiga mluzi. Alikuta picha kwenye kompyuta imekuzwa hadi uso wa Mutheu umejaa kioo chote. Mluzi ukakatika.

"Ni kazi yako," Zamzam alisema.

"Kazi gani?"

"Hanif. Ninajua unavyokata nywele. Nimekaa karibu nawe miaka kumi na miwili."

Akaweka begi chini. Hakukana zaidi ya hapo, na Zamzam alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo, ingawa hasira yake haikupungua. Nzomo alimletea picha ya ghala, Hanif alieleza, akamwambia amtoe yule mama kwenye picha ya turubai amweke pale. Alisema ni ya kalenda ya ushirika, kuonyesha safari ya kahawa kutoka shamba mpaka sokoni.

"Na wewe ukaamini?"

"Sikuuliza. Mteja haulizwi."

"Jumapili ilipoanza kuzunguka ukaiona?"

Hanif alisukuma begi kwa mguu.

"Uliiona."

"Niliiona. Nikafuta kila kitu, ya turubai na hii. Kwa hivyo hata ukitaka kuonyesha watu, huna cha kuonyesha. Itakuwa neno lako na neno la mwenyekiti." Akakaa, akashika kichwa. "Zamzam, shule sita. Nzomo ama ni wa bodi, ama ni rafiki wa mwalimu mkuu. Shule sita zote zimetoka kwake. Unataka tufunge milango kwa sababu ya mizani?"

"Nataka mama wa watu asilale polisi kwa sababu ya mkono wako."

"Mwambie huwezi kujua. Mwambie picha haionyeshi kitu."

"Lakini inaonyesha."

"Ni wewe tu unaona!"

Hapo alisema kweli, na ndicho kilichomkaa Zamzam kichwani jioni nzima hadi nyumbani kwao Mumbuni. Anaona yeye tu. Je, watu mia tatu wa Kangundo, watakaokaa nyasini na simu zenye vioo vilivyopasuka, ataweza vipi kuwafanya waone?

* * *

Ijumaa, kabla ya swala, Nzomo alifika mwenyewe. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kunyoosha suti kabla ya kuketi. Hakuketi.

"Binti Yasin," alisema. "Baba yako alikuwa rafiki yangu. Ndiye alipiga picha ya harusi yangu."

"Mungu amrehemu."

"Amina. Nimesikia yule karani amekuja hapa. Watu wakibanwa huwa wanashika chochote. Sikulaumu kwa kumsikiliza." Akatazama picha za wanafunzi zilizotundikwa ukutani, safu kwa safu. "Kazi nzuri hii. Muhula ujao kuna shule zingine mbili zinatafuta mpiga picha. Nilikuwa nataka niwatajie ninyi."

"Asante."

"Kwa hivyo kesho hutakuwa na haja ya kuja Kangundo."

Zamzam aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta. 

"Bwana Nzomo, kesho nitakuja. Mkutano unaanza saa ngapi, saa nne?"

 Nzomo hakukasirika, hilo ndilo lililomtisha Zamzam zaidi.

"Ukija, fikiria vizuri utakachosema," alisema. "Kuna maswali ukiyafungua, yanaingia mpaka nyumbani kwako."

Akaondoka. Hanif, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha kupigia picha muda wote, hakutoka.

* * *

Jumamosi jua lilitoka kali. Uwanja wa kiwanda ulijaa mapema. Wanachama walikaa juani, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine ukingoni mwa meza ndefu za kuanikia kahawa. Kamati ilikaa chini ya turubai. Zamzam alipoiona rangi yake alisimama kidogo langoni, akapumua. Ilikuwa ya kijani. Walikodi kwa mtu yule yule.

Alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake mayai sita ya kuchemsha aliyoyanunua stendi kwa kijana wa kachumbari. Hanif alimleta kwa pikipiki yake, bila kusema neno tangu mjini, na alipomshusha akabaki pale pale nje ya lango na kofia yake ya chuma kichwani.

Nzomo aliongoza vizuri. Sala, kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha akaionyesha picha, iliyochapishwa kubwa na kubandikwa kwenye ubao. Akasema haya si mambo ya kumfurahisha mtu. Akasema Mutheu ni kama dada yake. Akauliza kama karani ana la kusema.

Mutheu akasimama. "Sikuwa hapo," alisema. "Nimemleta mtu atakayewaonyesha."

"Huyu mama si mwanachama," Nzomo alisema mara tu Zamzam alipopiga hatua. "Katiba yetu inasema anayezungumza ni mwanachama."

Kukawa na minong'ono. Zamzam, mwenye hijabu peke yake kati ya vitambaa vya kichwa na kofia za jua, alihisi macho yote mgongoni. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hakujiandaa kwa hilo.

Ndipo bibi mmoja akainuka kutoka kwenye meza za kuanikia. Alikuwa Kalekye, mkongwe mwembamba aliyepanda kahawa yake kabla kiwanda hakijajengwa.

"Mimi ni mwanachama," alisema. "Katiba inasema kila mwanachama ana dakika zake. Zangu nampa huyu. Sema, mwanangu, na ukimaliza zangu utapewa za huyu jirani yangu."

"Na zangu!" mtu akapaza sauti.

"Na zangu!"

Nzomo akageuza mikono juu.

Zamzam akatoa mayai. Kicheko kikaanza kwenye viti vya nyuma. "Na kachumbari iko wapi?" mwanamume mmoja akauliza, na uwanja mzima ukacheka, Zamzam naye akacheka.

"Kachumbari nitaleta siku ingine," akasema. "Leo nataka mnisaidie kuangalia. Mimi nitauliza tu, ninyi ndio mtajibu."

Akamenya yai la kwanza, akaliweka kwenye meza ya kuanikia, juani. "Jua liko wapi?"

"Pale!" Mikono mia ikaelekea upande mmoja.

"Upande gani wa yai unang'aa?"

"Upande wa jua!"

"Na kivuli chake?" Akaita wanne waje karibu, kisha wengine wanne. "Kina ukingo au kinayeyuka?"

"Kimekatika," alisema mwanamke mmoja akiwa ameinama. "Kama kwa kisu."

Akamenya la pili, akatembea nalo moja kwa moja mpaka chini ya turubai, akaliweka kwenye meza ya kamati, mbele ya faili la mwenyekiti. Katibu wa ushirika, msichana aitwaye Emily aliyekuwa akiandika kumbukumbu, akasogeza kalamu kulipisha.

"Sasa njooni muangalie hili. Pole pole, kwa zamu. Nasubiri."

Walikuja. Foleni ilitembea mbele ya meza ya kamati kama siku ya kutazama maiti, na kila mmoja aliinama, akatazama yai, akamtazama Nzomo, akapita. Kalekye alikuwa wa tatu. Aliinama muda mrefu.

"Hili ni ya kijani," alisema.

"Yai ni jeupe, nyanya," Zamzam alisema.

"Najua ni nyeupe, nimekula mayai miaka themanini. Lakini hapa ni ya kijani. Na kivuli chake ni kama hakuna. Ni moshi."

"Kwa nini?"

Bibi akainua macho kwenye turubai lililokuwa juu yao.  Watu nao walikuwa wameshainua vichwa.

"Sasa fungueni simu zenu," Zamzam alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. "Ile picha mnayo. Ikuzeni. Anzeni na huyu mwanamume. Shati lake na kivuli chake ni kama yai gani?"

"La juani!"

"Sasa Mutheu. Angalieni chini ya kidevu. Angalieni blauzi. Ni kama yai gani?"

Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Vidole vilikuza picha, vichwa viwili viwili juu ya simu moja. Kisha kutoka katikati, sauti ya mwanamume, si kubwa: "Ni w'o." Ni kweli. Ikarudiwa pembeni yake, ikarudiwa nyuma, *ni w'o, ni w'o*, ikaenda mpaka kwenye lango na kurudi.

"Mtu akisimama mahali, mwanga wa mahali pale unampaka," Zamzam alisema. "Unaweza kumkata ukampeleka popote, lakini anakwenda na mwanga aliotoka nao. Jua la Kyumbi halikumpiga Mutheu. Aliyepigwa picha hapa alikuwa chini ya turubai la kijani, na upande wa kushoto wa picha palikuwa wazi. Ninyi mnajua ilikuwa siku gani. Mlikuwepo."

"Siku ya wakulima!" Ilikuwa sauti ya mume wa Mutheu, Mutunga, na ilipasuka katikati.

Nzomo aliinuka. Alingoja mpaka kelele zikapungua, akanyoosha koti.

"Tumemsikia mgeni," alisema. "Ni mtaalamu, nakubali. Na kama ni mtaalamu hivyo, basi hawezi kukosa kujua jambo moja dogo. Binti Yasin, picha hii unasema imetengenezwa. Imetengenezwa na nani?"

Akatabasamu. Zamzam alilielewa tabasamu hilo. Ndilo swali alilomwahidi jana, swali linaloingia mpaka nyumbani. Nzomo alikuwa na hakika Zamzam atameza mate, atasema hajui, na kutojua kwake kungemwaga kila kitu alichokijenga kwa mayai mawili.

Hakugeuka kutazama langoni.

"Imetengenezwa katika studio yetu," alisema. "Aliyeitengeneza ni kaka yangu, Hanif. Tumezaliwa tumbo moja. Nimesema. Sasa mwenyekiti awaambie wanachama ni nani aliyemtuma."

Tabasamu likabaki usoni mwa Nzomo kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.

"Mimi simjui huyo kijana," alisema.

"Hunijui?"

Hanif alikuwa ameingia. Alikuja katikati ya watu kofia mkononi, jasho linamtiririka, na watu wakampisha.

"Hunijui mimi, mzee? Juzi ulinipigia mara nne. Uliketi kwenye kiti cha baba yangu ukanionyesha kwa kidole: mtoe hapa, mweke hapa, na karatasi usiitoe. Nilifanya. Nilifanya, na nilipoona umeitumia vipi nikanyamaza." Akamgeukia Mutheu. "Mama, ni mimi."

 Mutheu hakumwambia vai thina, yaani hakuna shida. Hakumwambia amemsamehe.

"Nimekusikia," alisema tu.

Uwanja ukawaka. Watu waliinuka, viti vikaanguka, mzee mmoja wa kamati akaanza kukusanya karatasi zake. Nzomo akapiga meza. Alisema shetani ameingia kati yao. Alisema wao ni watu wa nyumba moja, kwamba karani amesafishwa jina na hilo ni jambo la kushukuru, na kwamba sasa wafunge kwa maombi, warudi makwao, mengine kamati itayamaliza ndani kwa ndani.

Wengine walishaanza kuvua kofia. Mazoea ya maombi yana nguvu.

"Hapana," Mutheu alisema.

Alitembea mpaka kwenye meza ya kamati, akasimama mbele ya Emily, aliyekuwa ameacha kuandika.

"Mimi hunifungii kwa maombi. Jumapili nzima na wiki nzima nimeitwa mwizi mchana peupe, na nitasafishwa mchana peupe. Andika. Andika kwamba picha ilikuwa ya uongo. Andika nani alisema, na nani aliulizwa, na alijibu nini. Halafu andika kwamba mizani iko na shida, na ufunguo niko nao mimi, na nitaifungua mbele ya mkaguzi na mbele ya wanachama, si mbele ya mtu mwingine yeyote."

"Kumbukumbu zinaandikwa kwa idhini ya mwenyekiti," Nzomo alisema.

Emily alimtazama mwenyekiti. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi ile Nzomo ndiye aliyemwandika. Akashika kalamu.

"Rudia pale kwa mizani, mama," akasema. "Sikushika yote."

Walikaa juani mpaka saa nane, mia tatu wote, kwa sababu Mutheu alitaka asomewe kila mstari, na wanachama walitaka kuusikia. Wakapiga kura kwa mikono. Mutheu akabaki kazini, na Nzomo akawekwa kando mpaka mkaguzi wa mizani aje.

* * *

Mkaguzi alikuja baada ya siku tisa, akaikuta mizani inapunja kilo mbili na robo. Nzomo alitafuta wakili. Kesi bado iko, na watu husema itakwenda miaka.

Shule hazikungoja miaka. Katika majuma mawili, nne kati ya sita zilituma barua za heshima kusema zimepata mpiga picha mwingine. Hanif alizisoma moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kaunta, na kwa siku kadhaa akawa anaongea na dada yake kwa mambo ya betri na karatasi tu. Zamzam hakumwomba radhi kwa kumtaja. Alilia mara moja, chooni, bomba likiwa wazi. Akanawa uso, akarudi kazini. Shangazi yao Pili alipokuja kumwuliza kama kweli hakuona njia nyingine ila kulitaja jina la nduguye mbele ya watu, alimjibu kwamba aliiona. Njia nyingine ilikuwa ni kumwacha Mutheu pale.

Jumatano ya juma la tatu simu ililia. Alikuwa Mwalimu Syokau, mkuu wa shule ya tano.

"Zamzam, nimeambiwa nisiwaite," alisema bila kuzunguka. "Nimeambiwa mara mbili, na mtu mmoja amekuja mpaka ofisini kuniambia."

"Naelewa, mwalimu."

"Huelewi, sijamaliza. Nimemwuliza huyo mtu shule hii ni ya nani. Njooni Jumatatu saa mbili, nyote wawili. Na huyo kaka yako nataka nimwone kwa macho, niko na maneno yangu na yeye. Lakini aje na kamera."

Zamzam aliweka simu chini. Hanif alikuwa anafuta lenzi, hajainua kichwa.

"Nani?" akauliza.

"Shule. Jumatatu saa mbili. Mwalimu mkuu anataka kukugombeza kwanza."

Hanif alifuta lenzi muda kidogo zaidi ya ilivyohitaji.

"Ana haki," alisema, akaenda kuchomeka betri kwenye umeme.